Mlango wa Ajira Usifungwe na Mtandao

Wiki chache zilizopita tulikuwa mjini Musoma kwa shughuli za gazeti, na usiku mmoja tukaingia katika duka la stesheneri lililo katika kata ya Iringo ili kutuma makala yetu Dar es Salaam, kwa kuwa mtandao wa nyumba tuliyofikia ulikuwa umekatika tangu alasiri. Duka lilikuwa limejaa watu hata nje. Tulidhani pana mpira unaonyeshwa. Kumbe ilikuwa ni siku ya mwisho. Taasisi moja ya umma ilikuwa imetangaza nafasi za kazi, na mfumo wa kupokea maombi ulikuwa ufungwe saa sita kamili ya usiku ule.

Kando yetu aliketi kijana mwenye stashahada ya uhasibu. Alitusalimu shikamoo bila kuondoa macho kwenye kompyuta. Kwa muda wa saa moja na nusu tulimtazama akijaribu kupandisha cheti chake cha kidato cha nne. Ile alama ya duara ilizunguka, ikazunguka, ikasimama, akaanza upya. Saa tano na dakika hamsini ukurasa ukamtoa nje kabisa, ukamtaka aingize tena neno lake la siri. Ulipofunguka ilikuwa imepita saa sita kwa dakika mbili, na lile tangazo halikuonekana tena. Hakupiga kelele. Alikunja vyeti vyake ndani ya bahasha ya kaki, akamlipa mwenye duka ujira wake, akatuaga kwa adabu, akaenda zake.

Makala yetu nayo haikwenda usiku ule. Ilifika Dar es Salaam asubuhi ya pili yake, na hakuna aliyetuuliza neno. Maombi ya kijana yule hayakufika kabisa, na hapo pia hakuna aliyeulizwa neno. Tofauti hiyo ndiyo iliyotufanya tuandike haya.

Hatupendi kueleweka vibaya. Gazeti hili ni la Chama, na sisi wenyewe tumewahi kuandika katika ukurasa huu kuusifu utaratibu wa kuomba kazi kwa njia ya mtandao, wala hatuyafuti maneno hayo. Wenye umri wetu wanakumbuka ilivyokuwa. Barua ilitiwa katika bahasha na kupelekwa posta, nayo ikaingia katika masjala ya wizara fulani na kulala humo hadi mwombaji akate tamaa; na aliyekuwa na mjomba katika wizara hiyo alipeleka kikaratasi kidogo tu, akaitwa. Sheria ya Utumishi wa Umma ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2007 na ikapatikana Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kusudi lilikuwa ni kuikata mizizi ya mambo hayo. Mfumo wa mtandao ulipokuja baadaye, tulifurahi kwa sababu moja kubwa: mashine haina mjomba. Haijui kabila la mtu, haijui dini yake, haisomi jina la ukoo na kutabasamu. Hilo ni jambo la haki, na mtu anayetaka turudi kwenye zama za vikaratasi hatumwungi mkono.

Lakini mashine isiyomjua mjomba inamjua mtu mwenye waya mzuri. Inampokea mara moja kijana aliyekaa Masaki au Mikocheni, mwenye kompyuta yake mwenyewe, mwenye umeme wa akiba na mtandao wa nyumbani. Na inamzungusha kijana wa Iringo mpaka saa ya mwisho inapita. Hakuna mtu aliyekusudia ubaguzi huo, na kwa sababu hiyo hakuna anayeuonea haya.

Ukubwa wa jambo lenyewe tuupime kwa hesabu. Mwezi Juni mwaka 2014, zaidi ya vijana elfu kumi walijaza majukwaa ya Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam kufanyiwa usaili wa nafasi 70 tu za Idara ya Uhamiaji. Picha zile zilitutia aibu, na taifa zima likazungumza. Sasa tazama: mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, ikapokea maombi ya watu 135,027. Yaani kwa kila nafasi moja waliomba watu zaidi ya 84. Uwanja huo wa Taifa, ambao leo waitwa wa Benjamin Mkapa, unachukua watu 60,000. Kwa hiyo waombaji hao wangejaza viwanja viwili na wengine wakabaki nje getini. Msongamano umezidi ule wa mwaka 2014 mara kumi na tatu, ila hauonekani kwa macho, maana umo ndani ya waya. Na kile kisichoonekana hakipigwi picha.

Kwa mfumo ulio na watu wengi kiasi hicho, kila kosa dogo la mtandao ni ungo unaochuja watu kabla msahili hajawaona. Unachuja kwa nini? Si kwa elimu, si kwa bidii, wala si kwa tabia njema. Unachuja kwa mahali mtu alipokaa na fedha alizo nazo mfukoni siku ile.

Wapo watakaosema: kijana huyo alingoja nini mpaka siku ya mwisho? Tangazo hukaa wazi kwa siku kumi na nne au zaidi; angeomba mapema. Hoja hii tumeisikia kwa wakubwa wengi, nasi tulimwuliza kijana mwenyewe kesho yake tulipokutana naye mwaloni Mwigobero. Jibu lake lastahili kuandikwa. Yeye huishi kwa kubeba na kuanika dagaa. Dagaa wa Ziwa Viktoria huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, mitumbwi hulala, na mfuko wa kibarua hulala pamoja nayo. Tangazo la kazi lilitoka wakati wa mbalamwezi. Fedha ya kifurushi, ya kuskani vyeti, ya kumlipa mwenye duka, na ya kuviwahisha vyeti kwa wakili ili vigongwe mhuri, ilipatikana giza liliporudi, na giza lilirudi siku tatu kabla ya mfumo kufungwa. Siku mbili za kwanza zilikwenda kwa wakili. Siku ya tatu ndiyo hiyo tuliyoiona. Hatudhani kwamba kuna afisa yeyote Dodoma aliyewahi kupanga siku za tangazo kwa kuutazama mwezi, wala hatumlaumu. Lakini asimwite mvivu mtu ambaye maisha yake yanakwenda kwa kalenda nyingine.

Na huyo ni wa mjini. Kwa mwenzake aliye kijijini katika Wilaya ya Butiama, au ndani ndani huko Bunda, ongeza nauli ya bodaboda na ya basi, na mahali pa kulala endapo mtandao utakataa siku ya kwanza. Mwaka 1934 mtoto wa Chifu Burito alitoka Butiama akaja kuanza shule hapa Musoma, Mwisenge, kwa sababu shule ilikuwa mjini. Leo kijana aliyemaliza chuo hutoka huko huko Butiama akaja mjini na shahada yake mkononi, kwa sababu mlango wa kazi, ambao tuliambiwa uko kila mahali, kwake uko katika duka la stesheneri. Wazee wa Musoma wanaokumbuka enzi za kiwanda cha nguo cha Mutex na za viwanda vya minofu ya sangara husema kwamba zamani mtafuta kazi alikwenda langoni kwa miguu yake, akaambiwa ipo au haipo, akarudi nyumbani akijua. Jibu la haipo ni chungu, lakini ni jibu. Duara linalozunguka si jibu.

Kuna jambo jingine katika maduka hayo ambalo wakubwa wengi hawalijui, nasi tungeomba walitie maanani. Ili mtu afungue akaunti ya maombi anatakiwa awe na namba ya Kitambulisho cha Taifa na anwani ya baruapepe. Vijana wengi hawajazoea baruapepe. Basi mwenye duka huwafungulia, na neno la siri hulichagua yeye, akaliandika katika daftari lake. Mwezi wa pili mwenye duka amehama, au amemfukuza kazi yule msichana aliyekuwa akiandika, au daftari limelowa mvua. Kijana anaitwa kwenye usaili na hajui, kwa maana wito umo ndani ya akaunti asiyoweza kuifungua. Akitaka kufungua nyingine, mfumo unamjibu kwamba namba ya kitambulisho hicho imekwisha kutumika. Tumekutana na vijana wawili Musoma walio katika hali hiyo, na mmoja wao ni mwalimu. Tangu Januari 2025 walimu nao waanze kufanyiwa usaili na Sekretarieti badala ya kupangiwa vituo moja kwa moja, idadi ya watu ambao riziki yao imo katika daftari la mwenye duka imekuwa kubwa sana.

Hatuwezi kuzungumza juu ya ajira kwa mtandao bila kuzungumza juu ya mtandao wenyewe. Serikali imefanya kazi, na anayekataa hilo hasemi kweli. Mkongo wa Taifa umevutwa mikoani. Na mwezi Mei mwaka 2023, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, zilitiwa saini hati za kujenga minara 758 katika kata 713 ambazo zilikuwa hazina mawasiliano ya kutosha. Lakini mnara si mtandao, kama vile bomba si maji. Mnara unahitaji umeme, na umeme ukikatika unahitaji betri nzima. Unahitaji njia pana ya kuubeba mzigo wa watu wote walioungwa nao. Na nyuma ya hayo yote kuna nyaya zilizolazwa chini ya bahari, ambazo mvuvi wa Musoma hajapata kuziona wala hana habari nazo. Siku ya Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili, ya SEACOM na ya EASSy, zilikatika baharini huko kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Afrika ya Mashariki nzima ikayumba. Duka la Iringo likanyamaza kwa sababu ya kitu kilichotokea maelfu ya kilomita mbali, chini ya bahari. Je, matangazo ya kazi yaliyokuwa yakifungwa juma lile yaliongezewa siku? Swali hilo lilipaswa kuwa na jibu katika kanuni, si katika huruma ya mtu mmoja mmoja.

Na kwa kuwa tumeanza kusema, tuseme yote. Kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Sababu zake na matokeo yake yana mabaraza yake ya kuyajadili, nasi hatuyaingizi hapa. Twataja jambo moja tu. Nchi iliyokwisha kuamua kwamba maombi ya kazi, ya mkopo wa masomo na ya leseni yote yapite katika mlango mmoja, haina budi kujua ya kwamba mlango huo unapofungwa, kwa waya uliokatika au kwa amri, anayeumia kwanza ni yule asiye na mlango wa pili.

Ubaya wa njia moja ni kwamba matapeli nao huijua. Kijana aliyeshindwa kuingia katika mfumo wa Serikali hugeukia tovuti za watu binafsi na makundi ya simu, ambako tangazo moja linanakiliwa mara ishirini, tarehe zake zimepita, na kila anapobonyeza anatupwa kwenye tangazo la dawa za nguvu au la kamari. Huko ndiko anakoombwa fedha: ya fomu, ya sare, ya kupimwa afya, ya kumwona bosi. Anaituma kwa simu, na simu ile haipokelewi tena. Twawaambia vijana wetu wazi: mwajiri wa kweli hamtozi mtu fedha ili ampe kazi, na sheria ya nchi yetu hairuhusu wakala kumtoza mtafuta kazi. Tena afadhali fedha, kwa maana fedha hutafutwa upya. Vijana hawa wanawakabidhi watu wasiowajua vyeti vyao vyote, picha zao, namba zao za vitambulisho na majina ya wazazi wao. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ipo Tume ya kuisimamia. Ipo pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Sheria hizi tumezoea kuzisikia pale mtu alipomtukana mtu. Tungefurahi kuzisikia siku moja zimemshika aliyeuza ndoto ya kazi kwa binti wa Nyasho.

Sasa tufanye nini? Kwanza, saa ya kufunga mfumo isiwe kisu. Mashine yenyewe huandika ni nani aliyeingia na saa ngapi. Aliyeanza kujaza maombi kabla ya saa ya mwisho apewe siku moja ya kumalizia, na pale hitilafu ya mtandao inapotangazwa rasmi, tangazo liongezwe siku zile zile zilizopotea, bila mtu kwenda kuomba. Hili halihitaji fedha yoyote. Lahitaji mstari mmoja katika kanuni na mtaalamu mmoja wa kuuingiza katika mfumo. Vilevile kufungua ukurasa wa ajira za Serikali kusimlie mwananchi kifurushi chake. Makampuni ya simu yanapata kwetu ya kutosha kuweza kulibeba hilo. Tarehe 2 Aprili 2021 bei za vifurushi zilipopandishwa na wananchi wakalalamika, Serikali ilisitisha bei hizo siku ile ile. Tuliona basi kwamba jambo likitakiwa, saa chache hutosha.

Pili, na hili ndilo tunalolitilia mkazo zaidi, kila Halmashauri iwe na chumba cha maombi ya kazi. Hatusemi jengo jipya wala sherehe ya kukata utepe. Chumba, kompyuta tatu, mashine ya kuskani, mtandao wa waya wa Mkongo, na afisa mmoja anayejibika kwa jina lake. Kijana aje na vyeti vyake. Afunguliwe akaunti, neno la siri alichague mwenyewe na kulitunza mwenyewe. Maombi yakienda apewe karatasi yenye saa na mhuri. Na mtandao ukigoma, afisa apokee nyaraka na kuandika kwamba zimepokelewa saa fulani, na saa hiyo ndiyo ihesabiwe. Aliyepoteza akaunti kwa sababu ya daftari la duka aje na kitambulisho chake na alama za vidole vyake, arudishiwe papo hapo, badala ya kupiga simu isiyopokelewa. Na Chama kisikae pembeni kikitazama. Ofisi zetu ziko katika kila wilaya. Zina vyumba, zina umeme, na wakati usio wa uchaguzi zina nafasi. Ilani yetu ya mwaka 2020 iliahidi ajira milioni nane. Mtu aliyeahidi milioni nane hawezi kushindwa kutoa kompyuta mbili.

Pana habari njema ambayo tusiifiche. Kwa muda mrefu kijana wa Mara alilazimika kupanda basi kutwa nzima mpaka Dodoma ili kufanya mtihani wa mchujo wa saa moja, akarudi na deni la nauli. Sekretarieti imeanza kufanya usaili huo mikoani, mwombaji akitahiniwa karibu na anapoishi. Jambo hilo lilisemwa haliwezekani kwa miaka mingi, na wakubwa walitoa sababu za usalama wa mitihani, za gharama, za upungufu wa watu. Sasa linafanyika. Kama mtihani umeweza kumfuata kijana mpaka Musoma, hatuoni kwa nini fomu ishindwe.

Katika mafundisho tuliyopata utotoni palikuwa na habari ya wafanyakazi waliosimama sokoni kutwa, na mwenye shamba akawakuta wangali pale hata saa kumi na moja. Padri wetu alipenda kutuuliza kwa nini walikuwa wamesimama pale, nasi watoto tulijibu kwamba walikuwa wavivu, naye alikasirika sana. Alitufanya tuisome tena mpaka tukaona kwamba walisimama kwa sababu hakuna aliyekuwa amewaita. Mwenye shamba alikwenda sokoni mwenyewe, mara tano kwa siku moja. Hakuwangoja wamfuate.

Kijana wa Iringo ametuletea ujumbe juzi. Lipo tangazo jingine, na safari hii limeangukia usiku wa giza, kwa hiyo nauli na kifurushi anavyo. Anauliza kama sisi watu wa magazeti tunajua ni saa ngapi mtandao wa Musoma huwa na nafuu. Tulimjibu kwamba ni saa kumi za alfajiri, maana ndiyo saa tuliyofanikiwa kutuma makala yetu. Amezungumza na mwenye duka, naye amekubali kufungua saa hiyo, kwa malipo mara mbili.